Eropleni Zilizovuka Bahari kwa Siri

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22, imeandikwa habari ya Balaki, mfalme wa Moabu, aliyemwita Balaamu aje kuwalaani wana wa Israeli. Baba yake Balaki aliitwa Sipori, na jina hilo katika Kiebrania maana yake ni ndege. Mwaka 1948 Wayahudi walipotafuta jina la kufichia kazi yao ya kuleta eropleni za vita katika nchi yao, walilichagua jina la Balaki. Asiyejua Maandiko hakutambua kitu. Aliyeyajua aliweza kucheka kimoyomoyo, kwa kuwa Balaki ni mwana wa Ndege. Somo hili ni habari ya watu walioifanya kazi hiyo, na ya mambo yaliyowapata, na ya adhabu waliyopewa baadhi yao na serikali yao wenyewe.

Asili ya mambo ni hii. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi ya Palestina ilitawaliwa na Waingereza kwa dhamana ya mataifa. Ndani yake walikaa Waarabu, nao ndio waliokuwa wengi, na Wayahudi, ambao hesabu yao iliongezeka kwa watu waliohamia kutoka Ulaya. Kila upande uliihesabu nchi kuwa yake. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na katika vita hiyo utawala wa Hitler uliwaua Wayahudi wapatao milioni 6, wanaume kwa wanawake, wazee na watoto wachanga. Wengi wa waliosalia hawakutaka tena kukaa katika Ulaya iliyowageukia. Waingereza, walipochoka na ugomvi wa Palestina, walilipeleka shauri mbele ya Umoja wa Mataifa. Na tarehe 29 Novemba, 1947, mataifa 33 yalikubali nchi ikatwe mafungu mawili, moja la Wayahudi na moja la Waarabu. Mataifa 13 yalikataa, na 10 hayakusema ndiyo wala la. Viongozi wa Wayahudi walikubali. Waarabu walikataa, wakasema kwamba shamba la mtu haligawanywi bila ridhaa ya mwenyewe. Kesho yake mapigano yakaanza.

Ilijulikana ya kuwa Waingereza wataondoka katikati ya Mei 1948, na ya kuwa siku hiyo majeshi ya nchi za Kiarabu yataingia. Majeshi hayo yalikuwa na mizinga, na vifaru, na eropleni. Wayahudi walikuwa na jeshi la siri liitwalo Haganah, lenye watu wengi hodari lakini silaha haba. Na kwa upande wa anga walikuwa na ndege ndogo ndogo tu, za kubebea abiria wawili au watatu. Mtu aliyeketi ndani yake aliweza kutupa bomu kwa mkono kupitia mlangoni, basi.

Mwezi wa Desemba 1947 serikali ya Marekani ilipiga marufuku kupeleka silaha katika nchi zile. Nia yake ilikuwa kutotia kuni motoni. Lakini marufuku kama hiyo haiwapati watu wote sawasawa. Misri na Iraki na nchi ya Ng'ambo ya Yordani zilikuwa zimekwisha kufanya mapatano na Uingereza, nazo zilikuwa na silaha zao tayari. Wayahudi hawakuwa na serikali bado, wala hakuna aliyekubali kuwauzia waziwazi. Hapo ndipo wanajeshi wa zamani walipoingia katika habari hii.

Adolph Schwimmer, ambaye rafiki zake walimwita Al, alizaliwa mwaka 1917 katika jimbo la New York. Alikuwa fundi wa eropleni, na wakati wa vita alifanya kazi katika idara ya jeshi iliyochukua watu na mizigo kwa njia ya anga. Kwa hiyo alizijua eropleni kubwa kama baharia ajuavyo tanga lake. Alifahamu pia jambo jingine. Vita ilipokwisha, Marekani ilibaki na maelfu ya eropleni zisizo na kazi, zimepangwa safu kwa safu katika viwanja vya jangwani, nazo ziliuzwa kwa bei ya kutupa. Zaidi ya hayo, mtu aliyekuwa askari alipewa nafasi ya kununua kabla ya wengine.

Schwimmer aliwaendea watu wa Haganah waliokuwa Marekani, akawapa shauri lake. Wakampa fedha. Akanunua eropleni 3 za namna ya Constellation, ambazo wakati ule zilikuwa miongoni mwa ndege bora za abiria duniani, kwa dola 15,000 kila moja. Na eropleni 10 za mizigo za namna ya C-46, zenye injini mbili na tumbo pana, kwa dola zipatazo 5,000 kila moja. Akafungua karakana katika mji wa Burbank, jimbo la California, akaandika mafundi, nao wakafanya kazi usiku na mchana. Wengi wa mafundi wale hawakuambiwa eropleni zinakokwenda. Waliodadisi waliambiwa ni za kampuni ya kuchukua mizigo.

Marubani nao walitafutwa kwa kunong'onezana. Aliyepiga simu hakutaja jina lake; alisema tu kwamba amesikia bwana fulani alirusha ndege wakati wa vita, je, angependa kazi ya safari ndefu? Wengi walikuwa Wayahudi wa Marekani, na wa Kanada, na wa Uingereza, na wa Afrika ya Kusini. Lakini si wote. Walikuwamo Wakristo ambao walikuwa wameona kwa macho yao mambo ya Ulaya, na walikuwamo waliokuja kwa ajili ya mshahara, na wengine waliokuja kwa sababu hawakuweza tena kukaa dukani na kupima nguo baada ya miaka minne ya kuruka angani. Haifai kuwafanya wote kuwa watakatifu. Ilitosha kwamba walijua kazi yao.

Maofisa wa forodha hawakuwa wajinga. Walianza kuuliza: kampuni hii changa inachukua mizigo gani, na ya nani? Ikatangazwa kwamba tangu tarehe 15 Aprili, 1948, eropleni kubwa haziruhusiwi kutoka Marekani bila hati maalum ya serikali. Basi ikawa mbio. C-46 zilizokuwa tayari zilikusanywa katika kiwanja cha Millville, jimbo la New Jersey, zikaruka kwenda nje kabla mlango haujafungwa. Constellation moja iliwahi kutoka. Mbili zilizobaki Burbank zilizuiwa.

Zilikwenda Panama. Serikali ya Panama ilikuwa imejenga kiwanja kipya kikubwa mahali paitwapo Tocumen, nayo ilitamani sana kuona nchi yake ina kampuni ya eropleni. Watu wa Schwimmer walikuwa wamefanya mapatano nayo mapema, na eropleni zile zikaandikwa namba za Panama na jina zuri la kampuni ya Panama ubavuni. Wenyeji walizipokea kwa furaha. Hawakujua kwamba kampuni ile haikuwa na abiria hata mmoja, wala haitakuwa naye. Jambo hili ni la kuhuzunisha kidogo, kwa maana watu wa Panama hawakuwa na kosa lolote, tena walikuwa wakarimu. Lakini ndivyo ilivyo: mwenye kusema uongo mmoja hulazimika kuuzalia mwingine.

Si zote zilizofika salama. Mwezi wa Aprili C-46 moja, iliyokuwa imejazwa mzigo mzito, ilianguka ilipokuwa ikipaa katika mji wa Mexico, ambao uko juu sana milimani na hewa yake ni nyepesi. Watu wawili waliokuwa ndani yake walikufa. Vita kubwa kuliko zote duniani ilikuwa imekwisha, nao wakaja kufa katika nchi isiyokuwa na vita.

Mwezi wa Mei safari ya kuvuka bahari ilianza. Tazameni ramani ya dunia, mfuate kwa kidole. Kutoka Panama zilikwenda Paramaribo, mji wa koloni la Waholanzi katika Amerika ya Kusini. Kutoka huko mpaka Natal, katika pembe ya Brazili iliyotokeza baharini. Hapo ndipo bahari ya Atlantiki ilipo nyembamba, na hata hivyo kutoka Natal mpaka Dakar, katika pwani ya Afrika ya Magharibi, ni maili zipatazo 1,900, na katikati hakuna mahali pa kutua. Wakati wa vita njia hiyo ilitumiwa sana na eropleni za Marekani, kwa hiyo marubani wengi waliijua. Lakini wakati wa vita kila kiwanja kilikuwa na fundi, na mtabiri wa hali ya hewa, na chombo cha kuwapelekea habari. Sasa walikuwa peke yao, na eropleni zilizonunuliwa kwa bei ya vyuma vya zamani, na msoma njia alipima nyota kama manahodha wa kale. Kutoka Dakar walipanda kaskazini mpaka Casablanca katika Moroko, wakavuka kwenda Catania katika kisiwa cha Sisilia, na kutoka huko wakaelekea Chekoslovakia.

Kwa nini Chekoslovakia? Nchi hiyo, ambayo tangu mwaka 1993 imekuwa nchi mbili, ilikuwa na viwanda vikubwa vya silaha na haja kubwa ya dola. Wakomunisti walikuwa wameshika utawala huko Februari 1948, nao Warusi, waliokuwa juu yao, walipenda kuona Waingereza wanaondoka katika nchi za mashariki. Basi nchi hiyo ikawauzia Wayahudi bunduki, na risasi, na eropleni za vita, na ikawapa kiwanja karibu na mji wa Zatec wakitumie kwa siri.

Eropleni walizouziwa zilikuwa ni ajabu ya mambo. Zilikuwa zile zile ndege za Messerschmitt, ambazo jeshi la Hitler lilizitumia kupigania Ulaya nzima. Wakati wa vita Wajerumani walikuwa wamejenga viwanda vyake katika nchi ya Wacheki, na vita ilipokwisha Wacheki wakaendelea kuziunda wenyewe. Ndivyo ilivyokuja kuwa Wayahudi, miaka 3 baada ya maangamizi yao, waliketi ndani ya ndege ya adui yao ili waitetee nchi yao. Tena walilipa sana: dola 180,000 kwa kila moja pamoja na silaha zake na vifaa vyake. Linganisheni na dola 5,000 za eropleni kubwa ya mizigo kule Marekani, mtaona mtu mwenye dhiki anavyouziwa.

Nazo hazikuwa nzuri. Injini zilizofaa ndege hizo ziliteketea kwa moto ghalani, kwa hiyo Wacheki walitia injini nyingine iliyoundwa kwa ajili ya eropleni kubwa ya mabomu, yenye mapanga mazito ya kuzungusha hewa. Ilikuwa kama kumfunga mtoto jembe la mtu mzima. Rubani alipoongeza nguvu ili apae, mzunguko wa mapanga uliivuta ndege upande wa kushoto, na kwa kuwa magurudumu yake yalikaribiana sana, ilipenda kupinduka. Bunduki zake zilipiga kupitia kati ya mapanga yale, na mara nyingine hazikupatana nayo, risasi zikatoboa mapanga ya ndege yenyewe. Wacheki wenyewe waliipa jina la nyumbu, yule mnyama aliyezaliwa na punda na farasi. Jina lililoistahili kwa uzao wake na kwa ukaidi wake pia. Jumla walinunua 25.

Ndege hizo hazikuweza kuruka zenyewe mpaka Palestina, kwa kuwa mafuta yake hayakutosha. Ndiyo sababu C-46 zilihitajiwa. Mafundi waliifungua ndege ya vita vipande vipande, wakasukuma kiwiliwili chake katika tumbo la eropleni ya mizigo, na mabawa yakafuata. Kisha wakaruka usiku, wakitua njiani kutia mafuta, mpaka kiwanja cha Ekroni. Hilo nalo ni jina la Maandiko: Ekroni ulikuwa mmojawapo wa miji ya Wafilisti, ambako sanduku la agano lilipelekwa na watu wakapiga kelele kwa hofu. Eropleni zilishuka gizani, zikapakuliwa upesi, zikageuka kabla ya mapambazuko. Usiku mmoja wa Mei ukungu ulifunika nchi, marubani hawakukiona kiwanja, na C-46 moja ilianguka pamoja na mzigo wake. Msoma njia wake alikufa.

Tarehe 14 Mei, 1948, Wayahudi walitangaza dola yao, wakaiita Israeli. Kesho yake majeshi ya Kiarabu yakavuka mipaka. Ndege za Misri zilikuja juu ya mji wa Tel Aviv zikautupia mabomu. Tarehe 18 Mei mabomu yaliangukia kituo cha mabasi, wakafa watu zaidi ya 40. Na kutoka kusini jeshi la Wamisri lilipanda kwa njia ya pwani, likafika Isdud. Isdud ndio Ashdodi ya kale, palipokuwa na nyumba ya Dagoni. Kutoka hapo mpaka Tel Aviv ni mwendo wa maili 20 tu, na kati yao na mji palikuwa na askari wachache waliochoka.

Jioni ya tarehe 29 Mei ndege nne za nyumbu zilikuwa zimeunganishwa tena kiwanjani Ekroni. Zilikuwa hazijajaribiwa hata mara moja, maana kuzijaribu kungefunua siri. Marubani wake walikuwa wanne. Lou Lenart alizaliwa Hungaria akahamia Marekani utotoni. Alipigana na Wajapani huko Okinawa, na ndugu wa ukoo wake waliobaki Ulaya wengi waliuawa. Eddie Cohen alitoka Afrika ya Kusini. Modi Alon na Ezer Weizman walikuwa wenyeji wa Palestina waliojiunga na jeshi la anga la Waingereza wakati wa vita. Weizman alifundishwa kuruka katika Rodesia, yaani hapa hapa katika Afrika yetu. Waliazimia kwanza kwenda kupiga kiwanja cha ndege cha Wamisri, lakini ofisa wa jeshi la nchi kavu alikuja mbio akawasihi: kama Wamisri hawatazuiwa leo, kesho watakuwa Tel Aviv.

Wakapaa. Walipofika juu ya Isdud waliona magari ya jeshi yamejaa barabarani na katika uwanja wa mji. Wakashuka wakatupa mabomu, wakarudi wakipiga bombom, yaani bunduki zitoazo risasi mfululizo. Punde bunduki zikakwama. Kwa hesabu ya vitu vilivyovunjwa, walifanya kazi ndogo. Eddie Cohen hakurudi. Ndege yake iliwaka moto ikaanguka. Ndege ya Alon iliharibika ilipotua. Hivyo kwa dakika chache nusu ya jeshi zima la ndege za vita ilikuwa imetoweka.

Lakini Wamisri walikuwa hawajui kwamba adui ana ndege ya vita hata moja, na sasa walikuwa wameona nne. Hawakujua kama ni nne tu, au ni nne za kwanza kati ya arobaini. Jeshi lile halikwenda mbele zaidi ya hapo. Wenye kuandika tarikh wanabishana mpaka leo kama ni ndege zilizolisimamisha, au daraja lililokuwa limevunjwa mbele yake, au ni amri ya wakubwa wao ambao hawakukusudia kufika Tel Aviv. Huenda yote matatu yalishirikiana. Siku 5 baadaye, tarehe 3 Juni, Modi Alon aliziangusha ndege mbili za Misri juu ya Tel Aviv, watu wakitazama kutoka juu ya nyumba zao. Yeye mwenyewe alikufa Oktoba mwaka ule ule, ndege yake ilipoanguka. Weizman aliishi, naye akawa rais wa nchi yake tangu 1993 mpaka 2000.

Kulikuwa na njia nyingine za hila. Katika Uingereza iliundwa kampuni ya sinema, ikatangaza kwamba itatengeneza picha ya marubani wa New Zealand katika vita iliyopita, na kwa ajili hiyo inahitaji ndege za kweli za namna ya Beaufighter. Zikapatikana. Siku moja ya Agosti 1948 ndege nne zilipaa kama kwa ajili ya kupigwa picha, zikapotea mawinguni, zisirudi tena. Zilikuwa njiani kwenda Israeli.

George Beurling, Mkanada, hakufika kabisa. Alikuwa amepata sifa kubwa katika kisiwa cha Malta, na kwa vita yote alihesabiwa ndege 31 za adui alizoangusha. Hakuwa Myahudi. Tarehe 20 Mei, 1948, alipokuwa katika mji wa Roma, ndege aliyokuwa akiirusha ilishika moto ikaanguka, akafa pamoja na mwenzake.

Mtu mwingine asiyekuwa Myahudi alikuwa Charles Winters, mzaliwa wa Boston. Maradhi ya utotoni yalikuwa yamemlemaza mguu, kwa hiyo hakuchukuliwa jeshini. Baada ya vita alinunua eropleni kubwa za mabomu za namna ya B-17, ambazo Wamarekani waliziita ngome ziendazo angani, akachukulia matunda kutoka Puerto Rico mpaka Miami. Watu wa Schwimmer walipomwendea, aliwauzia tatu. Na yeye mwenyewe akasaidia kurusha moja kuvuka Atlantiki, kwa njia ya Puerto Rico na visiwa vya Azores, mpaka Zatec. Ya nne ilipojaribu kufuata, Wareno waliizuia Azores. Tarehe 15 Julai zile tatu ziliondoka Zatec kwenda Israeli, nazo hazikwenda mikono mitupu: zilipiga mabomu njiani. Mbili zilipiga Rafa, na moja ilikwenda Kairo kutafuta jumba la mfalme Faruku. Mabomu yake yaliangukia mjini, wakafa watu ambao hawakuwa askari, kama walivyokufa wale wa kituo cha mabasi cha Tel Aviv.

Mwezi wa Agosti Wamarekani waliikemea serikali ya Wacheki, na kiwanja cha Zatec kikafungwa. Hata hivyo Wayahudi walikuwa wamenunua huko ndege za Spitfire, bora kuliko nyumbu mara nyingi, na sasa hapakuwa na eropleni za kuzipakia. Fundi mmoja Mmarekani, Sam Pomerance, akasema kwamba zitaruka zenyewe. Alitoa ndani yake kila kitu kisichokuwa cha lazima, bunduki pamoja na vyombo vya simu, akafunga matangi ya mafuta kila palipokuwa na nafasi. Septemba ndege 6 ziliondoka, zikatua Yugoslavia kutia mafuta. Moja iliharibika huko. Tano zikavuka bahari, mbili ziliona mafuta yanakwisha, zikashuka katika kisiwa cha Rhodes, na Wagiriki wakawatia marubani kizuizini, tatu zikafika. Desemba Pomerance alijaribu tena na kundi la pili, yeye mwenyewe akitangulia. Theluji ilimkuta katika milima ya Yugoslavia, akagonga mlima akafa.

Vita ilikwisha kwa mapatano ya kuacha kupigana mwaka 1949. Israeli ilisimama, nayo ilishika nchi kubwa kuliko ile iliyokatiwa na Umoja wa Mataifa. Dola ya Waarabu wa Palestina, iliyokatiwa fungu lake katika ramani ile ile, haikuzaliwa. Waarabu zaidi ya 700,000 walikimbia au walifukuzwa, wakaacha mashamba na visima na nyumba, na wengi walichukua funguo za milango kwa kuwa walidhani watarudi baada ya siku chache. Isdud nayo ilibaki tupu. Wajukuu wa watu hao wangali wanaitwa wakimbizi. Habari ya marubani isiposomwa pamoja na habari hii, ni nusu ya habari.

Sasa ilibaki hesabu na serikali ya Marekani. Sheria ilikuwa imevunjwa, na wote walijua. Schwimmer alirudi kwao akasimama mbele ya hakimu. Mwaka 1950 alionekana ana hatia, akatozwa dola 10,000 na kunyang'anywa haki za raia, pamoja na haki ya kupiga kura. Hakufungwa. Kisha Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, alimwita aje kufungua karakana ya eropleni, na mwaka 1953 ikafunguliwa. Mwishowe ikawa kiwanda kikubwa chenye maelfu ya wafanyakazi. Wengi walimshauri aombe msamaha kwa serikali ya Marekani. Alikataa, akaona kwamba kuomba ni kukiri kuwa alitenda ubaya. Wengine waliomba kwa niaba yake, na Januari 2001 rais Clinton alimsamehe. Alikufa Juni 2011, mwenye umri wa miaka 94.

Katika wote walioshitakiwa kwa eropleni hizi, aliyetiwa gerezani ni mmoja tu, naye ni Charles Winters, mwuza matunda, ambaye vita ile haikuwa ya taifa lake wala ya dini yake. Alikaa miezi 18. Alipotoka hakupenda kusimulia habari hizo, na watoto wake hawakujua sawasawa mambo aliyoyafanya. Alikufa mwaka 1984. Majivu yake yalipelekwa Yerusalemu, yakazikwa katika makaburi ya Wakristo. Desemba 2008, alipokuwa amekwisha lala huko miaka 24, rais Bush alitia sahihi hati ya kumsamehe.

MASWALI

1. Kwa nini kazi ya kuleta eropleni iliitwa kwa jina la Balaki?
2. Chora ramani ya safari kutoka Panama mpaka Zatec, uandike miji waliyotua.
3. Eleza kwa maneno yako kwa nini ndege ya nyumbu ilikuwa na hatari kwa rubani wake mwenyewe.
4. Watu wa Panama walitendewaje? Je, walitendewa haki?
5. Schwimmer alikataa kuomba msamaha. Toa sababu ya mtu awezaye kumsifu kwa hayo, na sababu ya mtu awezaye kumlaumu.
6. Mtu wa Isdud aliyefunga mlango wake mwaka 1948 angeisimuliaje habari hii? Andika mistari kumi.